Umeona kinyota kigeni kwenye galaksi? Hivi ndivyo supanova inavyoripotiwa mpaka jina lako linaingia kwenye rekodi

Nianze na hili ili tusidanganyane: supanova, yaani nyota iliyolipuka, haipewi jina la aliyeigundua. Kometi ndizo zinabeba majina ya watu, supanova inapewa mwaka na herufi basi, imeisha hiyo. Sasa sifa yako inakaa wapi? Inakaa kwenye ripoti ya ugunduzi. Ile ripoti ukishaituma sehemu sahihi inakuwa andiko rasmi, inaingia kwenye maktaba ya mtandaoni ya ADS ambayo wanaastronomia wote wanaitumia, na kila atakayeandika utafiti kuhusu supanova hiyo itabidi akutaje. Na anayepata sifa si aliyeiona kwanza wala aliyeipiga picha kwanza, ni aliyetuma ripoti kwanza.

Mfano unaouma kidogo ni SN 2014J. Tarehe 21 Januari 2014 mwalimu wa chuo kikuu London, Steve Fossey, alikuwa na wanafunzi wake wanne kwenye kituo cha darubini cha chuo pale Mill Hill, mawingu yanakuja, akaona bora awape somo la haraka la kutumia darubini badala ya kazi waliyopanga. Wakaielekeza kwenye galaksi ya M82 na wakakuta nyota ambayo haikutakiwa kuwepo. Baadaye watu walipofukua picha zao za nyuma ikaonekana ile nyota ilikuwa inawaka tangu kama wiki moja kabla! Hata Koichi Itagaki wa Japani, ambaye ana supanova zaidi ya 170 mkononi, alikuwa nayo kwenye picha zake. Lakini ugunduzi ni wa London, maana wao ndio waliokaa wakaangalia, wakahakikisha, wakatuma.

Kwa hiyo mwongozo huu si wa kuangalia nyota, huo upo mwingi tu. Huu ni wa kile unachofanya kuanzia dakika unapohisi kuna kitu.

Hatua ya 1: Hakikisha si takataka ya kamera

Piga picha nyingine ya eneo lilelile. Halafu sogeza darubini kidogo upige tena, ili galaksi iangukie sehemu nyingine ya sensa. Pikseli mbovu itabaki palepale kwenye sensa, supanova itahama pamoja na galaksi yake. Miale ya kosmiki nayo inaacha kadoti kakali kwenye picha moja tu halafu kanapotea, kwa hiyo kitu kilichopo kwenye picha moja tu usikiripoti hata kama roho inakuwasha.

Kule London Fossey aliwasha darubini ya pili wakati mawingu yanafunga, ili awe na uhakika kwamba si hitilafu ya chombo. Ukiwa na rafiki mwenye darubini yake ni dhahabu, mpigie simu hata kama ni usiku wa manane, atakusamehe.

Hatua ya 2: Hakikisha hakitembei

Hapa ndipo wengi wanaanguka. Asteroidi za kawaida zinasogea kama sekunde 30 za tao kwa saa (sekunde ya tao ni kipimo cha pembe angani, digrii moja ina 3,600), kwa hiyo ukisubiri nusu saa ukapiga tena utaona kama kadoti kako kamehama. Kamehama? Pole, ni asteroidi. Hakajahama? Bado usishangilie, kuna asteroidi zinatembea taratibu sana, nenda kwenye kikokotoo cha Minor Planet Center, kituo kinachotunza orodha ya asteroidi zote, kinaitwa MPChecker, unaingiza muda na mahali, kinakwambia kama kuna asteroidi inayojulikana ilikuwa inapita hapo.

Na sayari jamani usizisahau. Machi 2018 mtafiti mmoja wa Cape Town alituma telegramu ya kitaalamu dunia nzima kwamba ameona kitu kipya kinang'aa sana karibu na nebula za Lagoon na Trifid. Ilikuwa Mars. Mars kabisa, ile nyekundu. Muda si mrefu akatuma telegramu ya pili akaomba radhi, watu wakacheka, wenye ule mtandao wakamtengenezea cheti cha utani cha kugundua Mars, maisha yakaendelea. Mimi naona alifanya vizuri kusahihisha haraka, kuna wengine wangekaa kimya. Ila kama msomi anaweza kuteleza hivyo, mimi na wewe tuangalie mara tatu.

Hatua ya 3: Linganisha na picha za zamani

Fungua Aladin, ramani ya anga ya mtandaoni, ni ya bure, inafanya kazi hata kwenye brauza ya simu ingawa bando litalia. Ingiza jina la galaksi, chagua picha za DSS (ni picha za zamani za anga, zinafunika anga lote, za kusini na za kaskazini) halafu angalia sehemu yako. Kama pale pana nyota siku zote basi ni nyota ya galaksi yetu iliyokaa mbele tu. Pan-STARRS, mkusanyo mwingine wa picha za anga, inaona kwa kina zaidi ila haishuki sana kusini, kwa hiyo kwa galaksi za kusini usiitegemee peke yake.

Cheki pia VSX ambayo ni orodha ya nyota zinazobadilika mwangaza, inatunzwa na AAVSO, chama cha waangalizi wa nyota hizo, na katalogi ya nyota ya setilaiti ya Gaia. Kuna nyota ambazo kawaida hazionekani halafu ghafla zinalipuka kidogo, ukikurupuka unaita supanova kumbe ni kitu kinachojulikana miaka mingi. Vilevile usidanganywe na vile vibonge vya gesi inayong'aa ndani ya mikono ya galaksi, kwenye kamera ndogo vinaonekana kama nyota kabisa.

Hatua ya 4: Angalia kama mwenzio hajakuwahi

Mlango rasmi wa supanova unaitwa Transient Name Server, TNS. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, IAU, uliupa kazi hiyo kuanzia 1 Januari 2016, na wanaouendesha wapo Taasisi ya Weizmann kule Israel. Kabla ya hapo kazi ilikuwa ya ofisi ya telegramu za astronomia, CBAT, ambayo kwa miaka mingi ilikaa Cambridge, Massachusetts. CBAT bado ina ukurasa wake wa vitu vinavyosubiri uthibitisho na kuna watu wanautumia, hasa Japani, lakini jina rasmi la supanova siku hizi linatoka TNS.

Nenda sehemu ya kutafuta, ingiza RA na Dec zako (viwianishi vya kitu angani) na nusu kipenyo cha sekunde za tao kadhaa. Kikitokea kitu hapo, soma tarehe. Mara nyingi utakuta ATLAS au ZTF au ASAS-SN wamekupita siku mbili nyuma. Hizi ni mashine, ATLAS peke yake ina darubini Hawaii, Chile na pale Sutherland Afrika Kusini, zinafagia anga kila usiku bila kulala wala kunywa chai. Usikate tamaa, nitaeleza chini mtu wa kawaida anapatia wapi nafasi. Na kama kipo tayari, bado unaweza kutuma vipimo vyako, vinaambatanishwa kwenye kitu kilekile, ila ugunduzi ni wa aliyetangulia.

Hatua ya 5: Andaa namba zako kabla hujafungua fomu

Hii ndiyo hatua nene, soma polepole.

Mahali. RA na Dec kwa usahihi wa sekunde moja ya tao hivi. Usikadirie kwa macho, pakia picha yako Astrometry.net, itatambua nyota zote na kukupa viwianishi, halafu pima katikati ya kadoti kako.

Muda. Kila kitu ni UT, yaani saa ya dunia ya Greenwich, siyo saa ya ukutani. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna kazi mara mbili. Umepiga picha saa nane usiku ya kuamkia tarehe 20, hiyo kwa saa za kizungu ni 02:00 ya tarehe 20, toa masaa matatu unapata 23:00 UT ya tarehe 19. Siku imerudi nyuma! Angalia supanova maarufu ya 2023, ile 2023ixf, Itagaki alipiga picha yake 19 Mei saa 17:27 UT, lakini kwake Japani ilishakuwa saa nane na nusu usiku ya tarehe 20. Ukikosea hapa unaweza kuonekana umegundua kitu siku moja kabla hakijalipuka, au ukajinyima mwenyewe masaa uliyokuwa mbele. Kama umestaki picha nyingi, andika muda wa katikati.

Mwangaza. Magnitudi, na kumbuka namba ikiwa kubwa ndio kitu kinafifia zaidi. Pima kwa kulinganisha na nyota za jirani ambazo mwangaza wake unajulikana, na utaje filta. Kama hukuweka filta chagua Clear, usibuni V kwa sababu inaonekana ya kisomi.

Mara ya mwisho ambapo hakikuwepo. Hii watu wanaidharau na ndiyo inayowafanya wataalamu wakimbilie ripoti yako. Ukisema jana saa fulani nilipiga galaksi hiihii, ningeweza kuona mpaka magnitudi 18 na hakikuwepo kitu, tayari umewaambia kwamba hiki kimelipuka ndani ya masaa 24, na kitu kichanga hivyo ni adimu, watavuruga ratiba za darubini kubwa wakione. Ndiyo maana usifute picha zako "mbaya" ambazo hazina kitu. Kama huna picha ya nyuma, fomu inakuruhusu kutaja picha ya kumbukumbu kama DSS, ni bora kuliko kukosa kabisa.

Galaksi. Jina lake na kama unaujua wekundu wake (redshift, jinsi mwanga wake ulivyovutwa kuelekea rangi nyekundu), unapatikana bure kwenye NED, hifadhidata ya galaksi ya mtandaoni.

Hatua ya 6: Jaza fomu

Fungua akaunti TNS mapema, leo, siyo usiku wa tukio huku mikono inatetemeka. Wana pia sehemu ya mazoezi, unajaza ripoti ya uongo na hakuna anayekucheka, itumie.

Kwenye aina ya kitu chagua PSN, maana yake supanova inayowezekana. Kama kipo ndani ya galaksi yetu na unadhani ni nova, chagua PNV. Halafu kuna kisanduku cha waripoti, hiki ni kisanduku cha heshima, unavyoandika majina humo na kwa mpangilio huo ndivyo yatakavyosomeka kwenye rekodi milele. Aliyepiga picha, aliyeona, aliyethibitisha, kubalianeni kabla. Nimeona urafiki wa watu ukiingia mchanga kwa sababu ya mpangilio wa majina kuliko hata kwa sababu ya hela.

Bonyeza tuma. Ripoti ikipokelewa kitu kinapata jina linaloanza na AT na mwaka na herufi. Hiyo AT ni kama namba ya kitambulisho ukiwa bado unasubiri kadi yenyewe, inatambulika lakini haijakamilika.

Kidogo kuhusu herufi maana zina raha yake. 26 za kwanza za mwaka zinapata herufi kubwa moja, A mpaka Z, ndiyo maana ile maarufu ni SN 1987A. Zikiisha zinaanza ndogo mbili aa, ab, halafu tatu, halafu nne. Kwa hiyo ukipiga hesabu, 2023ixf ilikuwa ya 6,714 tangu mwaka uanze, na ni Mei tu hiyo! Ukiona jina lenye herufi nne kama 2021aefx ujue mwaka huo zimeshapita 18,278. Sasa unaelewa kwa nini hawaziiti majina ya watu.

Hatua ya 7: Tafuta spektra

AT haigeuki SN mpaka mtu achukue spektra ya mwanga wake (mwanga uliotawanywa kwenye rangi zake) na kusema ni aina gani, Ia, II, Ib na kadhalika. Hapa wewe na darubini yako ya inchi nane hamna uwezo, inabidi mkubwa akusaidie, na nyingi zinabaki AT maisha yao yote kwa sababu darubini za spektra ni chache. Kitu kikiwa king'avu na kipo galaksi ya jirani hutahitaji kumbembeleza mtu, watakuja wenyewe mbio. Ile 2023ixf ilikuwa kwenye M101, magnitudi kama 14.9, Itagaki akaripoti na masaa machache tu baadaye Daniel Perley akatumia Liverpool Telescope iliyopo La Palma akatangaza ni aina ya II. Usiku uleule.

Ikiwa hafifu, tuma imeili fupi ya heshima kwa vikundi vinavyofanya uainishaji. Kwa upande wetu wa kusini SALT, darubini kubwa ya Sutherland, imeainisha nyingi. Weka jina la AT, mahali, mwangaza na ile picha ya jana isiyo na kitu. Usiandike historia ya maisha yako.

Elewa kwamba aliyeainisha naye ana ripoti yake na sifa yake, tofauti na ya kwako. Usione ameiba. Kwenye utafiti utasoma imegunduliwa na fulani, imeainishwa na fulani, wote mnakaa.

Baada ya hapo: kutoka jina kwenye orodha mpaka jina kwenye utafiti

Wengi wanaishia kwenye AT, wanapiga skrinshoti, wanaposti, wanalala. Ukitaka zaidi ya hapo, endelea kupiga picha. Kila usiku wenye anga, filta zilezile, na uhifadhi mafaili ghafi, siyo zile ulizopendezesha rangi.

Víctor Buso ni fundi wa kufuli wa Rosario, Argentina, si profesa. Tarehe 20 Septemba 2016 alikuwa juu ya nyumba yake anajaribu kamera mpya kwenye darubini ya sentimita 40, akaielekeza NGC 613, akapiga picha nyingi fupifupi kwa kama saa moja na nusu. Katikati ya mfululizo huo kadoti kakatokea na kuanza kung'aa. Alikuwa amenasa mwanga wa kwanza kabisa wa mlipuko kupasua uso wa nyota, kitu ambacho wataalamu walikuwa wanakitafuta miaka mingi. Aliomba msaada kwa Sebastián Otero, mwanaastronomia mwenzake wa hukohuko Argentina aliye AAVSO, taarifa ikatoka, ikawa SN 2016gkg. Mwaka 2018 utafiti ukachapishwa kwenye jarida la Nature ukiongozwa na Melina Bersten, na Buso yumo kwenye waandishi. Fundi kufuli kwenye Nature! Angekuwa na picha moja tu asingeingia, aliingia kwa sababu alikuwa na mfululizo wote na aliutunza.

Kwa hiyo mtafiti akikuomba data, mpe, ila sema wazi na mapema kwamba ungependa kuwa mwandishi mwenza au angalau utajwe kwenye shukrani. Wengi wanakubali bila shida, tatizo ni watu kuona aibu kuuliza halafu wanalalamika baadaye.

Nafasi ya mtu wa kawaida iko wapi

Usishindane na mashine kwenye vitu hafifu vya mbali, hutaweza. Wewe una faida kwenye galaksi za karibu, kwenye masaa ambayo wao kuna mchana au mvua, na kwa sisi wa Ikweta tuna anga zote mbili. M82 ukiwa Dar inakaa chini mno upande wa kaskazini, achana nayo, lakini M83 inapanda juu vizuri na imeshatoa supanova sita zinazojulikana ingawa ya mwisho ni ya 1983, na M61 mpaka ile ya 2020jfo imeshatoa nane. Chagua galaksi kama 30 hivi, zipige mara kwa mara, na uzilinganishe usiku huohuo, siyo wikiendi. Masika utapumzika tu, hakuna ujanja.

Huna darubini? Kuna darubini za kukodi kwa mtandao, na kuna njia ya bure kabisa: mradi wa Kilonova Seekers ndani ya Zooniverse, tovuti ambayo watu wa kawaida wanajitolea kusaidia utafiti, ulianza 2023, unaangalia picha mpya za darubini za GOTO zilizopo La Palma na Australia, unajibu ndiyo au hapana kama kuna kitu kipya. Inafanya kazi kwa simu.

Na usidhani kuangalia picha za mwenzio si kugundua. Kathryn Aurora Gray wa Kanada alikuwa na miaka 10, tarehe 2 Januari 2011 akapitia picha zilizopigwa na rafiki wa familia, David Lane, akaiona supanova kwenye galaksi ya UGC 3378. Baba yake akacheki asteroidi na orodha ya zinazojulikana, wenye darubini wengine wakathibitisha, ikatumwa. Jina likawa SN 2010lt, na ni 2010 siyo 2011, kwa sababu picha ilipigwa 31 Desemba. Waliotajwa ni watatu: binti, baba, na mwenye picha.